Kutoka Ukuta wa Kisima Hadi Mikokoni: Safari ya Mimea Juu ya Nchi Kavu



Katika nyumba nyingi za zamani za mwambao wetu, na kando ya mabirika ya kutawadhia, ipo sehemu ya ukuta ambayo haikauki. Maji huirukia tangu alfajiri hadi baada ya isha, na jiwe la matumbawe hapo limevaa kitu cha kijani, laini kama mahameli. Kila mwaka mtu hukikwangua na kupaka chokaa. Masika ikifika, nacho hurejea. Watoto hukiita uchafu, wazee hukichelea kwa sababu ya utelezi, na sisi tunaoandika makala haya tumekikwangua mara nyingi bila ya kukitazama.

Juma hili tunaomba tukitazame pamoja. Zulia hilo dogo ni jamaa wa mimea ya kale iliyotoka majini ikaja kukaa juu ya nchi kavu. Tukianzia hapo ukutani, bila ya kutoka katika Kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale, tunaweza kupita mbele ya takriban kila hatua kubwa ya safari ya mimea duniani. Warithi wa kila hatua wangali hai, nao ni majirani zetu.

Kilichotusukuma kuandika ni jambo dogo lililotutia haya. Jioni moja tuliwaomba watoto wa nyumbani watutajie miti kumi iliyo mtaani kwetu. Walitaja mwembe, mnazi, mwarobaini na mpera, kisha wakanyamaza. Tulipotaka kuwasaidia, tukagundua kuwa nasi hatufiki mbali. Nyanya zetu walijua mti upi hufaa kuni na upi haufai kuingizwa jikoni, jani lipi hutuliza homa, ua lipi huwekwa kwenye kikuba. Ujuzi huo umepungua mikononi mwetu katika muda wa vizazi viwili, na miti yenyewe inapungua pamoja nao.

Hatuingii humu katika mijadala kuhusu asili ya mwanadamu. Tunazungumza juu ya mimea, na ushahidi wake umo katika mawe na katika majani yenyewe.

Siku moja ya mimea

Ili hesabu ya mamilioni isituchoshe, tuifanye safari yote kuwa siku moja. Kwa desturi yetu siku huanza jua linapozama. Basi tuseme mimea ya kwanza ilikanyaga nchi kavu kwa adhana ya magharibi, takriban miaka milioni 470 iliyopita, na sasa hivi tunapoandika inakaribia kuadhiniwa magharibi ya kesho yake. Kila saa moja ya siku hiyo ni kama miaka milioni 20.

Wakati huo bahari ilikuwa imejaa uhai, ilhali nchi kavu ilikuwa mawe, mchanga na vumbi. Hapakuwa na udongo kama tuujuavyo, kwani udongo wenye rutuba ni mawe yaliyosagika yakachanganyika na mabaki ya viumbe, na viumbe waliokuwako juu ya nchi walikuwa wachache na wadogo mno.

Sisi watu wa pwani tungetarajia mimea iwe ilipanda kutoka baharini. Sivyo ilivyokuwa. Jamaa wa karibu zaidi wa mimea ya nchi kavu ni mwani wa kijani wa maji baridi, viumbe wa aina ile wafanyao maji ya dimbwi kuwa ya kijani. Sababu yake inaeleweka ukilifikiria dimbwi lenyewe: bahari haikauki, bali dimbwi hukauka. Viumbe wa madimbwini walizoea kuvumilia kiangazi kifupi, na waliovumilia zaidi ndio waliobakia pale maji yalipopungua. Ushahidi wa kale zaidi wa mimea ya nchi kavu ni vijimbegu vidogo kuliko punje za unga, vilivyokutwa katika mawe ya Argentina.

Nje ya maji, mmea hupatwa na dhiki kadhaa kwa pamoja. Jua huukausha. Hakuna maji ya kuushikilia usimame. Madini hayaufikii tena kutoka pande zote. Na chembe za uzazi hazina pa kuogelea. Mimea ya kwanza ilipata jibu la dhiki ya kwanza kwa kujivika ngozi nyembamba ya nta, lakini dhiki nyingine ilizivumilia tu. Zulia la ukutani kwetu lingali hivyo hadi leo: halina mizizi ya kweli wala mishipa ya kupandisha maji, ndiyo sababu halirefuki. Chembe zake za kiume huogelea kuzifikia za kike, kwa hiyo bila tone la maji hakuna uzazi. Laiti lingekuwa dhaifu kama lionekanavyo, lingekwisha zamani. Lakini aina nyingi za ukoo huo hukauka zikawa kama karatasi, kisha mvua ikinyesha zikafufuka. Duniani zipo takriban spishi 20,000 za mimea midogo ya jinsi hii, na kazi yao ya kushika unyevu na kuanzisha udongo juu ya mawe haijaisha.

Saa mbili usiku: mshipa na mti

Baada ya isha ya siku yetu ile, yapata miaka milioni 430 iliyopita, ndipo tunapoona katika mawe mmea mdogo ambao wataalamu waliuita Cooksonia. Urefu wake ulikuwa sentimita chache tu. Haukuwa na majani wala mizizi. Ulikuwa vijiti vya kijani vilivyogawanyika mara mbilimbili, na kila ncha ilibeba kifuko cha vijimbegu. Hata hivyo mimea ya jinsi hiyo ilikuja na kitu kipya kikubwa: mishipa midogo iliyoimarishwa, ya kupandisha maji kutoka chini. Kila mnazi unaopanda hadi paa la ghorofa ya nne hutumia fani hiyo hiyo.

Hali ya zama zile tunaijua vyema kwa sababu ya bahati moja. Mwaka 1912, katika kijiji cha Rhynie huko Scotland, daktari mmoja aitwaye William Mackie aliona mawe ya ajabu katika ukuta wa shamba. Yalikuwa yametokana na chemchemi za maji moto zilizoifunika mimea ya kando yake miaka milioni 407 hivi iliyopita na kuigeuza jiwe, kila chembe mahali pake. Wataalamu walipokata vipande vyembamba vya mawe hayo na kuvitazama kwa hadubini, walikuta ndani ya vijiti vya mimea nyuzi za kuvu. Kuvu hao hawakuwa ugonjwa. Walikuwa wakichota madini mawehuko na kuupa mmea, nao mmea ukiwalipa kwa sukari. Mimea iliyo mingi leo ingali na ushirika huo mizizini mwake. Kwa hiyo, tangu mapema kabisa, mmea haukuishinda nchi kavu peke yake.

Kutoka vijiti hivyo hadi msitu, ilipita chini ya saa tatu za siku yetu. Karibu na mji wa Cairo katika jimbo la New York, Marekani, kumegunduliwa mizizi ya msitu wa miaka milioni 385 hivi iliyopita, imetandaa mita nyingi ndani ya mwamba. Mimea ilikuwa imejifunza kuimarisha mishipa yake kwa lignini, kile kitu kinachoufanya mti uwe mti, usikunjike kama mchicha. Mizizi yake ilipasua mawe, majani yake yakadondoka, udongo ukazidi kina. Baadaye, katika mabwawa ya nchi ambazo leo ni Ulaya na Amerika Kaskazini, misitu mikubwa ilianguka ikazikwa kabla ya kuoza, ikawa makaa ya mawe. Ilipokuwa ikikua ilipunguza hewa ya ukaa angani na kuongeza oksijeni. Tunapochoma makaa hayo leo, tunarudisha angani kwa miaka mia chache kile kilichozikwa kwa mamilioni.

Warithi wa saa hizo tunao. Kangaga uliootesha chunguni kando ya mlango, au ule unaojiotea wenyewe penye bomba livujalo, una mizizi, majani na mishipa kamili. Geuza jani lake uone madoa ya kahawia yaliyopangwa kwa safu: hayo si maradhi, ni mafungu ya vijimbegu. Lakini kangaga haukujikomboa kabisa. Chembe zake za kiume nazo huogelea, na ndiyo sababu hupenda mahali pa unyevu.

Kabla ya usiku wa manane: mbegu

Dhiki ya mwisho, ile ya uzazi kuhitaji maji, iliondolewa na mbegu, kiasi cha miaka milioni 365 iliyopita. Kueleza mbegu ni nini, hatuhitaji kwenda mbali na jiko letu. Chukua nazi. Makumbi ya nje huilinda na kuiwezesha kuelea. Kifuu huzuia isikauke. Nyama tunayoikuna kwa mbuzi na maji tunayoyanywa katika dafu ni masurufu aliyowekewa mtoto wa mnazi, ambaye yeye mwenyewe ni kitu kidogo kilicholala chini ya tundu moja la kifuu. Nazi ikianza kuota, ndani yake hujaa joya, lile sponji tamu ambalo watoto hugombania. Kazi ya joya ni kuinyonya akiba ile na kumlisha mche mpaka ajitegemee. Mmea wenye mbegu humpa mtoto wake maji, chakula na nguo, ukamwachia aende.

Nazi yenyewe ni mbegu ya zama za karibuni. Ukitaka kuona ukoo wa wenye mbegu wa kale, nenda Msitu wa Arabuko-Sokoke, katika Kaunti ya Kilifi, au Shimba Hills huko Kwale. Humo huota mmea ambao wengi huudhania mtende mfupi: shina nene, majani magumu yenye miiba, na katikati, badala ya ua, koni kubwa ya rangi ya manjano. Jina lake la kitaalamu ni Encephalartos hildebrandtii, nao ni wa jamii ya saikadi, iliyokuwapo duniani tangu takriban miaka milioni 280 iliyopita. Saikadi hukua polepole mno, na kila mmea ni ama dume au jike. Akiibwa mmoja akauzwa kupamba bustani ya mtu, huenda aliyebakia akakaa miaka bila ya mwenziwe wa kuzaa naye.

Na msomaji wa Mazeras ana hazina nyingine chini ya miguu yake. Katika mawe ya mchanga ya sehemu hizo hupatikana vipande vya miti vilivyogeuka jiwe, vya takriban miaka milioni 200, na nyuzi za ubao zingali zikionekana. Miti hiyo ilikuwa jamaa wa misonobari. Ilipokuwa hai, hapakuwa na embe, wala mnazi, wala mpunga, wala nyasi. Dunia nzima ilikuwa ya kijani bila ya maua.

Kabla ya adhuhuri: ua

Usiku mzima ule na asubuhi yake ilipita bila ya ua. Maua huonekana katika visukuku kiasi cha miaka milioni 130 iliyopita, yaani karibu saa tano u nusu asubuhi ya siku yetu. Kisha yakaenea kwa kasi iliyomshangaza hata Charles Darwin, ambaye mwaka 1879 alimwandikia rafiki yake Joseph Hooker akilalamika kuwa jambo hilo ni fumbo. Leo, kati ya takriban spishi 400,000 za mimea ya nchi kavu, zaidi ya 300,000 ni za wenye maua.

Siri ya ua ni kuajiri wengine. Misonobari hutupa chavua zake hewani na kuutegemea upepo, ambao hauchagui. Ua humwita mjumbe maalumu na kumlipa. Yasmini ambayo mama zetu huichuma jioni na kuitunga ni nyeupe na hunukia giza likiingia. Maua ya namna hiyo kwa kawaida huwaita nondo na wadudu wa usiku, ambao rangi nyekundu haiwafai gizani. Harufu tuliyoifanya kuwa pambo la harusi ilikuwa barua kwa wadudu kabla ya kuwapo harusi.

Mbuyu ni mfano mkubwa zaidi. Ua lake jeupe lenye kuning'inia hufunguka jioni, na kesho yake limenyauka. Katika usiku huo mmoja popo huja kunywa asali yake, na kwa vifua vyao hupeleka chavua kutoka mbuyu hadi mbuyu. Pasipo popo kuzuru, huenda msimu ukapita bila ya mabuyu. Tunapowanunulia watoto mabuyu ya sukari na rangi, ni vyema tuwaambie ni nani aliyefanya kazi ya usiku. Ulimwenguni zipo spishi 8 tu za mbuyu: 6 ziko Madagaska pekee, kisiwa ambacho wazee wetu walikiita Bukini, moja iko Australia, na hii yetu imeenea bara la Afrika.

Wamo pia katika ukoo wa maua wale tusiowadhania. Nyasi zina maua, ila ni madogo na huutegemea upepo. Mahindi, mpunga, ngano, mtama na muwa, zote ni nyasi, na ndizo zinazowalisha watu sehemu kubwa ya chakula chao cha kila siku. Mvinje nao, kwa majani yake mfano wa sindano na vijikoni vyake, humhadaa mtu akadhani ni msonobari. Kumbe ni mmea wa maua.

Na sisi wanadamu? Katika siku hiyo ya saa 24, binadamu alitokea pale muadhini alipokwisha simama, ikibakia chini ya dakika moja kabla ya adhana.

Waliorudi baharini

Hadithi ya mimea ingekuwa imetimia hapo, lau isingekuwa baadhi yake iligeuka ikarudi kwenye maji ya chumvi. Hiyo ndiyo mikoko.

Kenya ina spishi 9 za miti ya mikoko, na lugha yetu ilizipambanua kabla ya kitabu chochote cha botania kuandikwa hapa: mkoko, mchu, mkandaa, muia, mlilana, mkomafi, kikandaa, msikundazi. Hizo si koo moja. Ni miti ya maua kutoka jamii mbalimbali, na kila jamii ilifika majini kwa njia yake na ikatatua dhiki ya chumvi kwa namna yake. Mkoko huchuja sehemu kubwa ya chumvi mizizini, maji yakaingia yamekwisha punguzwa makali. Mchu huiruhusu kuingia, kisha huitoa kupitia majani. Lambisha mtoto jani lake ataamini. Na kwa kuwa tope la mikokoni halina hewa, mchu husimamisha juu ya tope mamia ya vijizizi mfano wa penseli, vya kuvutia pumzi maji yanapokupwa.

Mkoko umeongeza jambo jingine. Mbegu yake haisubiri kuanguka. Huota ingali juu ya mti, ikateremka kama fimbo ya kijani. Ikiiva huchomoka. Maji yakiwa yamekupwa huenda ikajikita topeni papo hapo; yakiwa yamejaa huelea hadi hori jingine.

Sisi na mikoko tuna deni la zamani. Nyumba za mawe za Lamu, Mombasa na miji mingine zimeezekwa juu ya boriti zake, na upana wa vyumba vya kale ulifuata urefu wa boriti. Majahazi yaliibeba hadi Arabuni na Ghuba, ambako miti mirefu ilikuwa adimu, mpaka serikali ilipokataza kuisafirisha nje mwaka 1982. Hatuwezi kuwahukumu waliokata. Walijenga miji, na walilisha familia. Lakini hesabu imebadilika. Kenya imebakiwa na takriban hekta 61,000 za mikoko, zaidi ya nusu yake zikiwa Lamu. Humo ndimo samaki na kamba wengi hulelewa wangali wadogo, na tope lake limehifadhi kaboni kwa wingi kuliko misitu mingi ya bara. Ukiukata mkoko, mvuvi hulijua hilo kabla ya mtaalamu.

Upo mfano mwema. Huko Gazi, katika Kaunti ya Kwale, wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanatunza hekta 117 za mikoko chini ya mradi wa Mikoko Pamoja, ambao tangu mwaka 2013 huuza hifadhi ya kaboni. Fedha zake zimesaidia miradi ya maji na shule. Mti usiokatwa umeanza kuleta pato.

Je, tukikata tunaweza kurejesha?

Swali hili halihitaji kubahatisha, kwani jaribio limefanyika mbele ya macho yetu. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kuotesha miti katika machimbo ya saruji ya Bamburi. Jiwe la matumbawe lilikuwa limechimbwa hadi karibu na maji ya chumvichumvi. Hapakuwa na udongo wala kivuli. Kwa maneno mengine, palikuwa kama dunia ya ile magharibi ya kwanza.

Zilijaribiwa spishi 26 za miti. Zilizovumilia zilikuwa 3: mvinje, mnazi, na mti mmoja wa asili ya Somalia. Mvinje ndio uliostawi kuliko yote, kwa sababu katika mizizi yake huishi bakteria wanaonasa naitrojeni hewani na kuigeuza mbolea. Lakini majani yake makavu yalijilundika bila ya kuoza. Ndipo walipoletwa majongoo, wale wale tunaowafagia barazani masika ikianza. Wakayala majani yale, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo. Penye udongo pakaota miti mingine, ndege wakaja na mbegu zao, na leo mahali hapo ni bustani ambayo watoto wengi wa shule za pwani wameizuru.

Tunachota humo mafunzo mawili. La kwanza ni la matumaini: jiwe tupu linaweza kuvaa kijani tena katika muda wa maisha ya mtu mmoja, almuradi kila kiumbe apewe kazi yake, hata jongoo. La pili ni la tahadhari. Bustani ile haikurejesha msitu wa kale. Msitu kama Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba zipatazo 420, una mimea isiyoota kwa kuletewa mche wa mvinje. Kadhalika kaya za Wamijikenda, ambazo baadhi yake ziliingizwa mwaka 2008 katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia. Kaya nyingi ni ndogo sana, na bado zina miti adimu, kwa kuwa wazee wa karne zilizopita waliweka miko: hapa halichukuliwi panga. Mwaka 2020 Bustani ya Kew ya Uingereza ilikadiria kwamba spishi 2 kati ya kila 5 za mimea duniani zimo hatarini kutoweka. Nyingine zitaondoka kabla ya kupewa jina.

Tuanzie majina

Jina ndiyo hifadhi ya kwanza. Mababu wa elimu walilijua hilo. Katika karne ya 9, Abu Hanifa al-Dinawari alikusanya Kitabu cha Mimea, akirekodi miti na majani kwa majina ambayo Waarabu wa jangwani waliyaita. Sehemu tu ya kitabu hicho imetufikia. Ibn al-Baytar, mzaliwa wa Málaga katika Andalusia, aliyefariki Damascus mwaka 1248, aliandika juu ya dawa na vyakula vipatavyo 1,400, na mara nyingi alitaja jina la mmea mmoja katika lugha kadhaa ili msomaji wa kila nchi asiukose. Mabibi wa mwambao walifanya kazi hiyo hiyo kwa ulimi, bila ya karatasi.

Basi tuna ombi kwa kila familia isomayo jarida hili. Jumamosi au Jumapili hii, baada ya alasiri, mchukueni mzee mmoja na watoto, mzunguke mtaa wenu kwa nusu saa. Mbebe daftari. Kila mmea mzee anaoujua, mtoto aandike jina lake na matumizi yake, na kama jina hilo ni la Kimvita, Kiamu, Kidigo au Kigiriama, aandike hivyo hivyo. Msiruke magugu. Msiruke kangaga wa bombani. Anayekaa karibu na hori aanzie mikokoni. Anayeishi ghorofani aanzie vyungu vya barazani.

Na mnaporudi nyumbani, kabla ya kuingia, simameni kidogo penye ukuta ule usiokauka. Mpeni mtoto kioo cha kukuzia, aliangalie zulia la kijani kwa karibu, aone vijiti vyake vidogo vyenye kofia za vijimbegu. Mwambieni ndivyo nchi kavu ilivyoanza kuvaa kijani. Kisha amueni wenyewe kama sehemu hiyo ya ukuta mwaka huu mtaikwangua.

Sisi tumekwisha anza daftari letu. Tumefika majina 31, na majina 19 kati ya hayo tumeyapata kwa jirani mmoja mkongwe ambaye kwa miaka mingi hatukuwahi kumuuliza chochote ila hali.

Wabillahi tawfiq.